Wekundu wa rozela si damu

KATIKA masoko ya mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, kuna bidhaa moja ambayo siku hizi huuzwa kwa maneno mengi kuliko uzito wake. Ni maua makavu mekundu ya rozela, yanayofungwa katika vifuko vidogo. Mteja huambiwa kwamba yanaongeza damu, yanashusha presha, yanasafisha figo na kupunguza unene.

Baadhi ya maneno hayo yana ukweli ndani yake. Mengine hayana, na yapo yanayoweza kumpeleka mtu kaburini kabla ya siku zake. Ni vyema tukayatenganisha, kwa sababu kinywaji chenyewe ni kizuri na hakihitaji kusingiziwa uganga.

Nilisoma Tanzania, nchi iliyowapokea wazazi wetu walipokuwa wakimbizi, na huko niliufahamu mmea huu kwa jina la choya. Wasudani na Wamisri hukiita kinywaji chake karkade, Wasenegali hukiita bissap na Wanaijeria zobo. Kwa jirani zetu wa Kongo, majani yake ndiyo maarufu zaidi. Huitwa ngai-ngai, mboga chachu ambayo hupendeza sana ikipikwa na samaki.

Jina lake la kitaalamu ni Hibiscus sabdariffa. Ingawa tunasema ni maua, kinachokaushwa si petali. Petali hunyauka na kudondoka, kisha vile vikonyo vilivyokuwa chini yake hunenepa na kulifunika tunda lenye mbegu. Hivyo ndivyo huchumwa na kuanikwa.

Aidha, msomaji asichanganye rozela na yale maua makubwa yanayopandwa kwenye ua wa nyumba na hoteli kando ya Ziwa Kivu. Ni ndugu katika jamii moja, lakini ni mmea mwingine, na utafiti ninaoueleza hapa haukuuhusu.

Je, inaongeza damu?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi na akina mama, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa sayansi. Darasani huwajibu wanafunzi kwa jaribio rahisi. Mimina chai ya rozela katika glasi mbili. Katika moja kamulia limau, na nyingine tia magadi kidogo. Ile ya limau hubaki nyekundu, na ile ya magadi hugeuka kuwa kijani au samawati iliyofifia.

Sababu ni kwamba wekundu wa rozela unatokana na kemikali ziitwazo anthosayanini, ambazo hubadilika rangi kufuatana na uchachu. Wekundu wa damu unatokana na himoglobini, ambayo mwili huijenga kwa kutumia madini ya chuma. Rangi ya kinywaji haigeuki kuwa damu tumboni.

Zaidi ya hayo, rozela, kama ilivyo chai ya majani, ina viambato vinavyoweza kupunguza ufyonzaji wa madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga. Mtu mwenye upungufu wa damu apimwe ijulikane chanzo: ni malaria, ni minyoo, ni ujauzito au ni chakula. Chai yake ainywe mbali na mlo.

Kuhusu presha

Hapa wauzaji wana hoja. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha watu 65 wenye presha iliyoanza kupanda au iliyopanda kidogo. Baadhi yao walikunywa vikombe vitatu vya rozela kwa siku kwa wiki sita, na wengine walipewa kinywaji kilichofananishwa nayo. Namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa 7.2 kwa waliokunywa rozela, na 1.3 kwa wale wengine.

Hayo ni mafanikio. Hata hivyo, washiriki wale hawakuwa watu wanaotumia dawa za presha. Mtu ambaye namba yake ya juu ni 180, akipunguza 7 atabaki na 173, nayo bado ni hatari.

Mwaka jana mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu aliacha vidonge vyake baada ya kuambiwa na mchuuzi kwamba lita moja ya rozela kwa siku inatosha. Kwa wiki kadhaa alijisikia vizuri, na hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa presha mara nyingi haina maumivu. Asubuhi moja alishindwa kuinua kijiko. Alinusurika kiharusi kile, lakini mkono wa kulia, alioandikia ubaoni kwa zaidi ya miaka 30, haujarudi sawasawa.

Namna ya kuandaa

Suuza maua upesi kwa maji safi. Chemsha maji, epua, kisha tia kijiko kimoja cha chai cha maua yaliyovunjwavunjwa kwa kila kikombe. Funika kwa dakika tano hadi kumi, halafu chuja. Unaweza kuongeza tangawizi, mdalasini au mchaichai. Usitumie sufuria ya alumini, kwa sababu uchachu wake huila.

Sukari iwe kidogo. Anayekunywa kwa ajili ya afya kisha akajaza vijiko vinne anaharibu kwa mkono mmoja anachojenga kwa mwingine. Na kwa kuwa hewa yetu ya ziwani ina unyevunyevu, hifadhi maua katika chombo chenye kifuniko kinachobana. Yakiota ukungu, yatupe.

Wenye vidonda vya tumbo wawe waangalifu. Wajawazito, wenye maradhi ya figo na wanaotumia dawa za presha au kisukari wamuulize mhudumu wa afya kwanza. Vidonge vimezwe kwa maji, si kwa rozela. Utafiti uliofanywa Sudan katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba karkade hupunguza kiasi cha klorokwini kinachoingia katika damu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nunua rozela, inywe na uifurahie. Lakini kabla ya kumwamini mchuuzi, pita kituo cha afya kilicho karibu nawe ukapimwe presha. Ni kazi ya dakika chache. Ukikutwa nayo, mituweli itakusaidia kupata vidonge, na kikombe cha rozela kiwe nyongeza tu.