Injini ya Pikipiki Ndani ya Gari: Anza na Nyaya

Pikipiki na vipuri vyake kutoka India na China hushushwa bandarini Kilindini, na tuktuk za kisiwani zimeshawaonyesha vijana wa Mombasa kwamba injini ndogo, ikifungwa nyuma chini ya kiti cha abiria, inabeba watu na mizigo yao bila taabu. Kwa hiyo si ajabu kijana anayejua kulehemu atamani kuunda kigari cha magurudumu manne na kukitia injini ya bodaboda. Wazo hilo halistahili kubezwa. Huko Uingereza, kampuni ya Westfield iliuza gari la kujiundia lililoitwa Megabusa, likiendeshwa na injini ya pikipiki ya Suzuki Hayabusa. Ninachosisitiza ni kwamba kazi hii ianze na umeme. Wengi humaliza pesa kwenye bodi na rangi, kisha nyaya zikaungwa mwishoni kwa haraka, ilhali ndizo zitakazoamua kama gari litawaka, na kama litaendelea kuwaka.

Chukua suala la chaji. Koili zilizo ndani ya injini ya pikipiki ndogo zimepimiwa mahitaji ya pikipiki: taa moja ya mbele, mara nyingi ya wati 35, pamoja na indiketa, honi na betri ndogo. Ukifunga taa mbili za gari za wati 55, tayari unadai wati 110, yaani zaidi ya ampea 9 kwenye betri ya volti 12. Bado hujaweka wipa, wala feni ya kupoza injini ambayo sasa imefichwa isipate upepo. Betri itakwisha ukiwa safarini. Dawa ni kujumlisha wati zote kwenye karatasi kabla ya kununua chochote, kutumia taa za LED, na kuipa kila njia ya umeme fyuzi yake na waya wenye unene unaofaa.

Kuzima injini nako kuna mtego. Kwenye gari, ufunguo hukata umeme. Kwenye pikipiki nyingi ambazo CDI yake, yaani kisanduku kinachodhibiti cheche, hulishwa na koili ya injini, mambo ni kinyume: waya wa kuzimia hugusishwa kwenye bodi ndipo cheche zikome. Fundi aliyezoea magari akiupelekea waya huo volti 12, anaweza kuiunguza CDI papo hapo. Pikipiki kubwa zina swichi za stendi, klachi na nyutro. Zikikatwa ovyo, injini hukataa kuwaka hata kama ni nzima. Ndiyo maana ni heri kununua pikipiki nzima pamoja na nyaya zake, kutafuta mchoro wake, na kubandika alama kwenye kila waya kabla ya kukata hata mmoja.

Wapo watakaosema mafundi wetu huunga nyaya bila mchoro na vyombo vinatembea. Ni kweli, na ujuzi wao ni wa kuheshimiwa. Lakini hapa pwani hewa ina chumvi. Kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu huota kutu ya kijani, umeme ukapita kwa shida, waya ukapata moto, na tangi la petroli liko karibu. Wengine watalalamikia gharama. Fyuzi na viungo vya kubana ni vitu vya bei nafuu. CDI iliyoungua ni ghali zaidi, na gari lililoteketea halina fidia.

Basi kijana mwenye ndoto hii asikatishwe tamaa. Na aulize kwanza NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kuhusu ukaguzi na usajili, achore nyaya zake zote, ndipo akate chuma.