Kompyuta Kubwa na Wingu Dogo

Juma hili nazungumzia jambo linaloonekana kuwa mbali nasi: kompyuta zenye nguvu kupita zote, na jinsi wanasayansi wanavyozitumia kuiga hali ya hewa ya dunia. Lakini mvuvi wa Mwanza anayeingia ziwani usiku, uhai wake umo ndani ya hesabu hizo.

Mwaka 2022, katika maabara ya Oak Ridge, jimbo la Tennessee, Marekani, kompyuta iitwayo Frontier ilivuka kiwango cha hesabu bilioni bilioni moja kwa sekunde. Mtu atauliza, kwa nguvu hizo, kimebaki nini cha kuishinda? Kipo, nacho tunakiona kila siku juu ya vichwa vyetu. Ni wingu.

Ili kuiga hewa, wataalamu huigawa dunia katika miraba, kama karatasi ya daftari la hesabu. Kwa miaka mingi upande wa mraba mmoja ulikuwa kilomita 100 hivi. Ziwa Victoria lote, lenye eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, lingeenea katika miraba saba tu. Dhoruba za usiku ziwani huzaliwa pale pepo zitokazo nchi kavu zinapokutana juu ya maji, na wingu lake mara nyingi lina upana wa kilomita chache. Katika mraba wa kilomita 100 halionekani kabisa. Basi kompyuta hupewa kanuni ya kukisia: joto likiwa hivi na unyevu hivi, weka mvua kiasi hiki.

Kwa nini miraba isipunguzwe? Ni gharama. Ukikata upande kwa nusu, miraba huwa mara nne, na hatua za muda nazo hufupishwa kwa nusu. Kazi yote huwa mara nane. Kutoka kilomita 100 hadi 3, kazi huongezeka mara 37,000 hivi.

Wataalamu wamepita njia mbili. Mwaka 2001, Marat Khairoutdinov na David Randall wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado walieleza jinsi ya kuweka, ndani ya kila mraba mkubwa, hesabu ndogo ya mawingu peke yake. Hesabu kubwa huipa ndogo habari za upepo, nayo ndogo hurudisha habari za joto na mvua. Njia ya pili ni nguvu tupu. Mwaka 2023 kazi iliyofanywa kwa Frontier, yenye miraba ya kilomita 3.25 kwa dunia nzima, ilipata tuzo ya Gordon Bell ya tabianchi. Kwa siku moja mtambo ulikokotoa hali ya hewa ya zaidi ya mwaka mmoja.

Hata hivyo, nasema tusidanganyike na ukubwa wa mtambo. Tone la wingu ni jembamba kuliko unywele. Mraba wa kilomita tatu haulioni. Kukisia hakujaisha, kumesogea tu mahali padogo zaidi. Na makisio husahihishwa kwa vipimo vya kweli. Pasipo na kipimo cha upepo wala cha mvua, kompyuta ya Tennessee haiwezi kujua kama imekosea.

Kwa hiyo tunapodai utabiri bora, tudai vyote viwili: miraba midogo inayoliona ziwa letu, na vipimo vinavyofanya kazi ufukweni. Mvuvi hapaswi kukisiwa.

Hadi juma lijalo, kwaherini.