Lubumbashi: Kwenye soko la Kenya, bei huanza na salamu

Jina lenyewe huwachanganya wageni. Soko la Kenya haliko Nairobi wala Mombasa. Liko katika komini ya Kenya, mjini Lubumbashi, jimbo la Haut-Katanga. Muzungu anayeingia humo hutambulika kabla hajafungua mdomo, na wachuuzi humwita toka kila meza.

Kosa la kwanza la wageni wengi ni kuuliza bei kabla ya kusalimu. Hapa mama muuzaji husalimiwa kwanza: "Jambo mama, habari ya kazi?" Bei hufuata, kisha mapatano. Anayenunua bila haraka anaweza kuongezewa kiganja cha maharagwe juu ya kipimo. Anayetoa simu na kupiga picha bila kuomba ruhusa huambulia hasira, kwani mama huyo yuko kazini, hayuko kwenye maonyesho.

Pesa nazo zina kanuni zake. Dola ya Marekani hupokelewa pamoja na franka ya Congo, lakini noti ya dola iliyopasuka hata kidogo hukataliwa, huku franka iliyochakaa ikiendelea kuzunguka. Kwa fungu la lenga-lenga au sombe, heri kubeba franka ndogo ndogo.

Mezani, mgeni hujifunza jimbo zima. Unga wa mahindi wa bukari mara nyingi hupitia Kasumbalesa, kwenye mpaka na Zambia. Nchi hiyo jirani inapozuia mahindi yake kutoka, wakaaji wa Lubumbashi huhisi jambo hilo kwenye sufuria. Kapenta hutoka ziwa Tanganyika. Vinkubala, viwavi vya misitu ya miombo, huokotwa wakati wa mvua, hukaushwa na kuuzwa hata msimu ukiisha. Wageni wengi huvitazama kwa woga. Kwa familia nyingi za hapa ni mboga ya heshima.

Chakula kinachowashangaza zaidi ni chikanda. Huonekana kama soseji nene ya kahawia inayokatwa vipande, lakini haina nyama ndani. Ni viazi vidogo vya maua ya okidi ya mwituni, vilivyotwangwa na kupikwa pamoja na unga wa karanga na pilipili. Kwa wanawake wanaoiuza, chikanda ni pesa ya chakula na ya shule ya watoto.

Hapo ndipo penye mzigo mzito. Ili kupata kiazi, mmea hung'olewa, na pale wachimbaji wanapopita mara nyingi, okidi hupungua. Mahitaji yapo pande zote mbili za mpaka, Congo na Zambia. Tena, biashara ya okidi kati ya nchi na nchi iko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES wa mwaka 1973. Msafiri anayetaka kurudi kwao na viazi hivyo kwenye sanduku anahitaji vibali, la sivyo vinaweza kukamatwa mpakani.

Kula kipande sokoni ni jambo jingine. Mgeni hulipa, huonja, hushukuru. Mama hucheka akiona pilipili imemfikia, kisha humgeukia mteja anayefuata. Siku bado ndefu, na sinia lazima liishe kabla ya jioni.