Salongo ndani ya ordinatere nzee

Ndugu wachimbaji, na nyinyi mama mnaobakia nyumbani, leo hatusemi juu ya bei ya mawe wala juu ya karte ya uchimbaji. Tunasema juu ya ordinatere. Msicheke. Ndani ya ordinatere moja nzee, pale Wagenia hapa Kisangani, ndimo majina yenu yanamolala, pamoja na franka mnayotoa kila mwezi kwa sanduku la msaada. Ilibaki kidogo tu ile hesabu ituponyoke.

Siku ya tano moja, mama mjane alifika kwetu toka porini, mtoto mgongoni. Udongo ulimwangukia bwana yake shimoni wakati wa mvua. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki, ndani yake risiti tatu. Zingine maji yaliziharibu.

"Bwana yangu alikuwa analipaka kila mwezi," alituambia. "Minaomba muangalie."

Sheria yetu mnaijua: mwenye kulipa, asiyekosa miezi mitatu mfululizo, akifa jamaa yake inapata msaada wa matanga na minervali ya watoto ya mwaka mmoja. Komite ingekaa siku ya posho. Na makaye ya zamani yalikwisha kuliwa na mchwa, yaliyoandikwa humo yalibaki kwenye ordinatere peke yake.

Tukaiwasha. Tukangoja. Tukafungua hesabu ya mwaka wa kwanza: ile mashini ikaanza kukwaruza ndani kama panya kwenye gunia ya muhindi, kioo kikaganda. Tukaizima, tukaanza tena. Kufikia jioni tulikuwa tumesoma myaka miwili tu, na tulihitaji myaka mitano. Kamarade mmoja akasema, "Hii mashini inakufa. Tumuandikie mama tu kama alilipa, nani atajua?" Mwingine akajibu, "Na kesho akija mwingine ambaye hakulipa, utamwambia nini?" Tulinyamaza wote. Sanduku ni jasho la watu. Hatuwezi kulifungua kwa huruma tu, na hatuwezi kulifunga kwa sababu ya uvivu wa mashini.

Ndipo sekretere wetu, anayekaa Wagenia, alisema, "Yaya, haiko nakufa. Iko natafuta. Mnipe usiku mmoja." Tukaifunga kwenye toleka, kioo tukakibeba mapajani kwenye toleka ya pili, tukaenda polepole kwa sababu ya mashimo ya barabara.

Hapo ndipo tulifundishwa jambo hili, nasi tunawapa kama tulivyolipokea. Ndani ya ordinatere za zamani mna sahani ya chuma inayozunguka, nyingi mara 5400 kwa dakika moja, na mkono mdogo unaokwenda na kurudi juu yake kusoma. Maandishi hayawekwi kama mstari mmoja mrefu. Yanakatwa vipande, kila kimoja kinaingia katika kijumba chake. Ukiongeza franka za mwezi huu kwenye hesabu, na vijumba vya jirani vimejaa, kipande kipya kinatupwa mbali, pale penye nafasi. Ukifuta wimbo mmoja, unabaki uwazi, na kipande cha barua kinaingia humo. Kuna jedwali linalokumbuka kila kipande kiko wapi, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Lakini ule mkono unatembea sana. Kukwaruza kule tulikokusikia ndiyo safari zake.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa amekaa pale mlangoni akitusikiliza. Mnajua kazi ya Waenya: miti mikubwa imesimamishwa ndani ya matundu ya mawe katikati ya maporomoko, imefungwa kwa kamba za porini, na vikapu vyenye umbo la koni vinashushwa mahali maji yanapokimbia kwa nguvu. Samaki haingii kwa kupenda, maji ndiyo yanamsukuma. Na kila jamaa ina mahali pake tangu mababu. Mzee akasema, "Kama vikapu vyangu vingetawanyika toka hapa mpaka Ubundu, ningekula samaki siku gani?" Toka hapa mpaka Ubundu ni maporomoko saba, zaidi ya kilometa 100, mpaka wazungu wa zamani walijenga njia ya treni kando ya mto ili kuyakwepa. Tulicheka, lakini mzee alikuwa ameelewa mbele yetu.

Dawa yake inaitwa kwa Kifaransa défragmenteur. Ni programu inayookota vipande vya kila faili na kuvipanga pamoja, na nafasi tupu nayo inakaa upande mmoja. Tangu mwaka 1993 ilikuwa ndani ya MS-DOS 6. Mashini yetu ina Windows 98, na humo unapita Démarrer, Programmes, Accessoires, Outils système. Ukitaka kuona undani, inakuonyesha vijumba vya rangi vinavyohama kimoja kimoja. Watoto wa sekretere waliangalia kama wanaangalia mpira.

Lakini salongo haianzi na fagio. Kwanza, tulinakili faili zote za sendika kwenye diskete. Diskete moja inabeba mega 1,44 tu, kwa hiyo zilikwenda diskete 11 na saa mbili nzima. Vijana walinung'unika. Sekretere hakukubali kugusa kitu mbele ya kumaliza. Pili, tulitupa takataka: nyimbo, michezo, barua za mapatano yaliyokwisha kitambo. Disko ya giga 4 ilikuwa imejaa mpaka mdomoni, na mashini hiyo inahitaji nafasi tupu ya kuhemea. Tatu, tulipitisha ScanDisk, inayotafuta makosa na mahali palipooza. Nne, tulifunga programu zote, hata ile picha inayocheza kwenye kioo kisichoguswa. Maana kitu chochote kikiandika kwenye disko wakati wa kazi, défragmenteur inaweza kurudia toka mwanzo.

Umeme wa usiku hatukuutegemea. Tulinunua esanse kwa mwenye jenereta anayechajisha matelefone karibu na mto. Kazi ikaanza. Sauti ya maporomoko nje, sauti ya jenereta, na ule mkono mdogo ndani ukikwaruza. Ilipofika asilimia 61, katikati ya usiku, jenereta ikakohoa, ikazima. Esanse ilikuwa na maji ndani yake.

Hatutawaficha: tuliogopa. Mashini ilikatwa ikiwa na kipande mkononi. Mama mjane alikuwa analala chumba cha pili na mtoto wake, naye hakujua kama hesabu ya bwana yake iko hewani. Asubuhi tulipata esanse nzuri, tukawasha. ScanDisk ikajiendesha yenyewe, ikatuambia kuna faili moja imevunjika. Ilikuwa ripoti ya mkutano wa zamani. Tuliirudisha kutoka diskete ya nne. Bila zile saa mbili za kunung'unika, na bila bahati, ingekuwa faili ya mtu.

Tuliianza tena, ikamaliza jioni. Hesabu iliyokuwa inafunguka muda wa kwenda kununua mikate na kurudi, sasa ilifunguka mbele hujavuta kiti. Ukweli ni kwamba kutupa takataka kulisaidia sana, labda kama kule kupanga. Lakini ule mkwaruzo ulipungua, kila mtu alisikia.

Tukasoma myaka yote mitano. Marehemu alilipa kila mwezi, isipokuwa miezi miwili ya mvua, shimo lake lilipojaa maji. Miwili, siyo mitatu. Siku ya posho komite ilitia sahihi. Mama alipokea feza mbele ya watu wote, akazihesabu mara mbili. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mmoja wetu aliyekuwa na jibu lake: "Na kama ile mashini ingekufa, bwana yangu hangekuwa amelipa?"

Ndugu, swali hilo ndilo limetuandikisha haya. Haki ya mtu haiwezi kulala ndani ya sahani moja ya chuma. Kwa hiyo tumekata shauri hivi. Kila mwanachama atakuwa na kaye yake, itakayotiwa sahihi kila anapolipa, na mke au mtoto mkubwa ajue inapowekwa. Diskete zitakaa katika nyumba mbili mbalimbali, siyo moja. Na ordinatere itafanyiwa salongo kila miezi mitatu, mchana, esanse ikiwa imeangaliwa.

Neno la mwisho kwa vijana wetu. Kuna watu wanaopita machimboni wakiomba feza ili "wapange" kumbukumbu ya telefone yenu. Telefone haina sahani wala mkono unaotembea. Kipande cha karibu na cha mbali vinasomwa kwa haraka ileile. Ni vivyo hivyo kwa ordinatere mpya zenye disko isiyozunguka, aina ya SSD: kuzifanyia kazi hii hakuzisaidii, kunazichosha bure. Na mwenye mashini ya sahani yenye Windows Vista au ya nyuma yake asihangaike, inajipanga yenyewe kwa ratiba. Telefone ikiwa nzito, futa video usizozitaka. Haitakugharimu hata franka moja.

Makaye mapya yamekwisha kufika. Mje myachukue, na mje na risiti zenu, hata zile zilizolowa.