Kiwanja Kilichokuwa Kituo cha Petroli

Mwaka jana kamati ya msikiti wetu ilipata habari iliyotufurahisha sote. Kiwanja kilicho pembeni mwa barabara, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kituo cha petroli, kilikuwa kinauzwa kwa bei nafuu. Akina mama wa mtaa walikuwa wamekwisha kuchanga fedha, mwezi baada ya mwezi, kwa nia ya kuwajengea watoto wao madrasa na chekechea. Mahali penyewe pako karibu na msikiti, na mtoto hahitaji kuvuka barabara. Dalali akatuhakikishia kwamba pampu zimeng'olewa, paa limeshushwa, na kilichobaki ni sakafu ya saruji tu. Tukamshukuru Mwenyezi Mungu, tukaanza kupanga siku ya kuandikiana.

Katika mkutano wa mwisho, bibi mmoja ambaye nyumba yake imepakana na kiwanja hicho alisimama upande wa wanawake. Akasema kwamba kila masika maji ya kisima chake hunuka mafuta, na juu yake huelea utando unaong'aa rangi rangi. Alijibiwa kwa adabu, kisha mkutano ukaendelea na mambo mengine. Nasi tulikuwa miongoni mwa waliomjibu kwa adabu. Laiti si kijana mmoja wa mtaa, aliyesomea mambo ya mazingira, kuuliza baadaye swali fupi, tungelikwisha kutia saini. Aliuliza: matangi yako wapi?

Hakuna aliyejua. Pampu ni kitu kinachoonekana, na kinapoondolewa kila mtu huona. Lakini petroli huwekwa katika matangi yaliyozikwa chini ya ardhi, na mabomba hupita chini ya sakafu kuyaunganisha matangi na pampu. Matangi ya zamani yalikuwa ya chuma kitupu. Chuma kilichozikwa huliwa na kutu, na katika ardhi ya pwani yenye unyevu na chumvi huliwa upesi zaidi. Huko Marekani, ambako serikali ilianza kuweka hesabu ya mambo haya katika miaka ya 1980, matukio ya kuvuja yaliyothibitishwa yamepita 500,000. Tangi likivuja kidogo kidogo, mwenye kituo huenda asione tofauti katika hesabu zake, huku ardhi inakunywa.

Na ardhi yetu hunywa kwa wepesi. Sehemu kubwa ya Mombasa na mwambao wake imekaa juu ya jiwe la matumbawe, lile lile tulilojengea nyumba zetu za kale. Jiwe hilo limejaa matundu, na kinachomwagika juu hakikawii kufikia maji ya chini. Petroli huelea juu ya maji, lakini sehemu yake huyeyuka ndani yake. Iliyo mbaya zaidi katika hizo ni benzini, ambayo imethibitika kusababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo chake katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita moja. Kiasi hicho pua haiwezi kukihisi, hivyo maji yasiyonuka si lazima yawe salama. Wala kuyachemsha si dawa, kwani mvuke wa benzini utabaki jikoni pamoja na mama anayepika. Mvuke huo huo unaweza kupanda kutoka udongoni ukapenya nyufa za sakafu, ukaingia katika chumba ambamo watoto wameketi juu ya mikeka. Zaidi ya hayo, kituo kilichofanya kazi kabla ya 2006 kiliuza petroli iliyotiwa madini ya risasi, na risasi haiozi. Sisi watu wa Mombasa hatuhitaji kuelezwa risasi hufanya nini kwa watoto. Owino Uhuru iko hapa hapa, na kesi yake ilifika hadi Mahakama ya Juu.

Sheria yetu ya mazingira ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyounda NEMA, hutaka miradi mingi ya ujenzi ifanyiwe tathmini kwanza, na majirani wapewe nafasi ya kutoa maoni. Wengi wetu huiona kuwa karatasi ya kukamilisha kibali. Hata inapofanywa vyema, mara nyingi macho yake huelekea mbele: jengo hili litaidhuru vipi ardhi na majirani? Kwa kiwanja kama hiki liko swali la pili, nalo ni kinyume cha lile la kwanza: ardhi hii itawadhuru vipi watakaokaa ndani ya jengo? Swali hilo huanza kwa kuchunguza historia ya mahali, kutazama ramani na vibali vya zamani, na kuwauliza wafanyakazi wa zamani na majirani. Hapo ushahidi wa bibi wa kisima ungekuwa ukurasa wa kwanza. Kisha hutobolewa mashimo membamba, na sampuli za udongo na maji hupelekwa maabara. Uchafu ukipatikana, matangi hufukuliwa, udongo mbovu huondolewa na kupelekwa panaporuhusiwa, na maji huendelea kupimwa hata baada ya hapo.

Kazi hii ina gharama. Ni nani ailipe? Hapa fikihi ina neno. Muuzaji anayejua aibu ya bidhaa yake ni wajibu juu yake kuieleza, na mnunuzi akiigundua ana hiari ya kurudisha. Dalali alituambia kiwanja kinauzwa "kama kilivyo". Katika madhehebu yetu ya Kishafi, kauli yenye nguvu ni kwamba sharti la namna hiyo halimvui muuzaji jukumu, ila kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua. Ardhi si mnyama. Lakini haki ya kurudisha hutakiwa itumiwe mara tu aibu inapojulikana, na mwenye kwisha kujenga hubakiwa na kudai fidia ya upungufu, akiwa na darasa lililojaa watoto juu ya udongo ule ule. Kwa hiyo upimaji hutangulia saini.

Tulimwandikia mwenye kiwanja kwamba hatutalipa hata shilingi mpaka apimishe kwa mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA, kwa gharama yake, na taarifa isomwe mbele ya wanawake kama ilivyosomwa mbele ya wanaume. Mwanzo alikasirika, akasema wako wanunuzi wengine. Baada ya miezi miwili akakubali. Wachimbaji walipovunja saruji walikuta matangi mawili, moja likiwa bado na mafuta ndani yake.

Fedha za akina mama ziko benki. Watoto wanaendelea kusomea katika baraza ya msikiti, na mvua ikinyesha husongamana ndani. Yule bibi amefunika kisima chake kwa bati na jiwe, na tangu Shaaban anateka maji kwa jirani wa mtaa wa pili, ambako vijana wa madrasa humbebea madumu kwa zamu.