Mtoto Akigeukia Wazazi: Kwenye Stori za Kutisha, Nani Huanza?

Stima ikipotea Nyalenda usiku, stori za kutisha huanza zenyewe. Na lazima mtu alete ile ya mtoto aliyemaliza wazazi wake. Kwa nini hiyo hutisha kuliko zimwi? Ju zimwi liko nje, unaweza kufunga mlango. Mtoto ako ndani, na anajua ufunguo huwekwa wapi.

Wasee wengi huijua hii formula kutoka majuu. Mwaka wa 1950 Mmarekani Ray Bradbury aliandika The Veldt. Peter na Wendy wana chumba ambacho kuta zake huonyesha chochote wanachowaza. Wao huwaza mbuga ya Afrika, na simba wanakula kitu kwa umbali. Buda na mathe wakitaka kukizima, watoto wanawafungia humo na simba. Mgeni akitokea, Wendy anamuuliza kama atakunywa chai. Noma sana.

Lakini sisi watu wa ziwa tuna mtu wetu. Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo, alitoa kitabu Land Without Thunder mwaka wa 1968. Ndani kuna Tekayo, stori aliyoiweka huko Sudan. Mzee anaonja ini lililoangushwa na tai, na utamu unamshika. Anaua wanyama wa kila aina, lakini ile ladha haipati. Mwishowe anaipata kwa wajukuu wake, wale anaachiwa awaangalie. Watu wake wakishasanuka wanamtegea, na wanamnasa akiwa kwa hiyo kazi.

Kitabu hicho hicho kina The Rain Came. Mvua imekataa, na chifu Labong'o anaambiwa bintiye Oganda lazima amezwe na zimwi la ziwani. Buda analia, lakini anamtoa, na kijiji kinasherehekea. Osinda, kijana anayempenda Oganda, anamfuata hadi karibu na maji na wanahepa pamoja. Na bado mvua inanyesha!

Umeshika? Kwa Ogot, mtu mzima ndiye hugeuka kwanza. Hata kwa Bradbury, cheki poa: wazazi walinunua nyumba ya mashine iwalelee watoto, halafu wakashangaa watoto wakipenda nyumba kuliko wao.

Kwa hivyo kama unaandika yako, usianze na mtoto mwenye macho mekundu. Anza na kile alifanyiwa sebuleni, mchana, watu wote wakiona kawaida. Hapo ndipo uoga hukaa. Na ukisikia mtaani mtoto fulani ameitwa shetani, uliza pia nani alikuwa anamlea.

Mimi nilipoacha chuo, mathe alininyamazia wiki nzima. Nilikuwa nataka kuiandika kama stori ya kutisha. Nilikwama kwa line ya kwanza, ju sikujua zimwi ni nani kati yetu.