Mzimu, Mumiani na Mwongoza Wageni: Masharti ya Matembezi ya Visa vya Kutisha katika Kitovu cha Zamani cha Dodoma

1.0 Utangulizi

Matembezi ya jioni ya kusimulia habari za mizimu na wanyonya damu ni sehemu ya utalii wa mijini katika nchi nyingi. Mwongoza wageni huwapitisha watalii kwa miguu katika mitaa ya zamani, husimama penye jengo au kaburi, kisha hueleza kisa kinachohusishwa na mahali hapo. Dodoma ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2018, na eneo lake la zamani, kuanzia stesheni ya reli hadi maduka ya Uhindini, linaweza kutembelewa kwa utaratibu huo. Makala hii inafafanua kwa nini visa vya wanyonya damu haviwezi kusimuliwa katika Tanzania ya kati kama vinavyosimuliwa Ulaya, na inabainisha masharti anayopaswa kuyazingatia mwongozaji.

2.0 Mfu na Aliye Hai

Katika Kiswahili, mzimu ni roho ya mtu aliyekufa. Pepo na jini ni viumbe visivyoonekana vinavyoaminiwa kumpanda mtu au kukaa mahali fulani. Mumiani hayumo katika makundi hayo. Neno hili lina asili ya Kiajemi, na awali lilitaja kitu cheusi mithili ya lami kilichotumiwa kutibu maradhi na mifupa iliyovunjika. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939, inaeleza kwamba wenyeji wengi waliamini dawa hiyo ni damu ya binadamu iliyokaushwa, na kwamba uvumi ulipoenea watu waliogopa kutoka nje baada ya jua kuchwa. Jina la dawa likahamia kwa mtu anayedhaniwa kuitafuta.

Mtu huyo yu hai. Ana gari, ana vifaa na ana mwajiri. Mwanahistoria Luise White, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2000, anaonesha kuwa katika Afrika Mashariki na Kati wakati wa ukoloni washukiwa walikuwa mara nyingi watu wa kazi zinazojulikana, wakiwamo wazimamoto na askari polisi. Ghasia za Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1959 zilitokana na uvumi wa aina hiyo.

3.0 Mfano wa Whitby

Mji wa Whitby, Uingereza, unafaa kulinganishwa. Bram Stoker aliutembelea mwaka 1890, akautumia kama mandhari ya sehemu ya riwaya yake ya Dracula iliyotoka mwaka 1897. Watalii hupanda ngazi 199 kuelekea kanisa la St Mary wakisikiliza habari za mfu anayetoka kaburini usiku kunyonya damu. Wote wanajua kuwa mhusika huyo ni wa kubuniwa. Ziara inapokwisha, hakuna jirani wala mpita njia anayeshukiwa kuwa Dracula. Hofu hiyo huuzwa kama burudani kwa sababu haimwelekei mtu yeyote aliye hai.

4.0 Iringa Mvumi, Oktoba 2016

Hali hiyo haipo Dodoma. Mnamo Julai 2016 Serikali ilitangaza kuwa inahamia Dodoma. Mwanzoni mwa Oktoba mwaka huohuo, watafiti wawili na dereva wao kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, na gari lao likachomwa moto. Walikuwa katika kazi ya kuchukua sampuli za udongo. Waliowashambulia waliwadhania kuwa wanyonya damu.

Tukio hilo linaonesha jinsi simulizi linavyofanya kazi. Wageni, gari, vifaa na mifuko ya sampuli ni mambo ya kawaida ya utafiti. Ndizo pia alama ambazo uvumi wa mumiani umezibeba tangu enzi za ukoloni. Aliyekwisha kulipokea simulizi huona ushahidi pale ambapo mtafiti huona kazi yake.

5.0 Masharti ya Usimulizi

Kwanza, mizimu na mumiani visimuliwe kwa namna tofauti. Visa vya wafu vinaweza kuburudisha, mradi ndugu wa marehemu na wenye mahali pa matambiko wameridhia.

Pili, mumiani afundishwe kama historia. Stesheni ya Dodoma ni mahali pazuri pa kuanzia. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Kigoma mwaka 1914. Kwa njia hiyo walifika maofisa waliopima ardhi, waliohesabu watu na kutoza kodi, mara nyingi bila kumweleza mwananchi sababu. Msikilizaji akielewa hali hiyo, ataelewa pia kwa nini uvumi ulipata wa kuuamini.

Tatu, mwongozaji asiseme "inasemekana" kisha akanyamaza. Tamko hilo humwachia msikilizaji jukumu la kuamua, na huweza kurudi kijijini likiwa habari kamili. Aeleze nani alisema, wakati gani, na nani aliumizwa.

Nne, asionyeshe kwa kidole kazi, gari au nyumba ya mtu aliye hai, hata kwa mzaha. Badala yake aeleze sampuli huchukuliwaje na kwa faida ya nani. Jiji hili ndilo makao makuu ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, hivyo mfano wa kazi ya kupima udongo na mawe upo karibu.

6.0 Hitimisho

Matembezi ya visa vya kutisha yanaweza kuwapa vijana wa Dodoma kazi na kuwafunza wageni historia ya mji. Faida hiyo itategemea mwongozaji kutambua kuwa baadhi ya wasikilizaji wake, au jamaa zao, bado wanamwogopa mumiani kwa dhati. Mpango wowote wa matembezi hayo ufikiriwe kwa kuzikumbuka familia tatu zilizofiwa mwaka 2016, na wachukuaji wa sampuli ambao bado hulazimika kuingia vijijini wakiwa wageni.